Margaret Laurence (1926–1987): Kutoka Ushairi wa Kisomali hadi Riwaya za Manawaka

1.0 Utangulizi

Mwaka 1954 Eagle Press ya Nairobi, iliyokuwa chapa ya East African Literature Bureau, ilitoa kitabu kidogo cha Kiingereza kiitwacho A Tree for Poverty, yaani mti wa umaskini. Ndani yake mlikuwa na tafsiri za mashairi na hadithi za Wasomali. Chapa hiyo si ngeni kwa wanafunzi wa Kiswahili, kwani vitabu vingi vya Kiswahili vya miaka ile vilipitia humo. Aliyetia jina lake juu ya kitabu hicho alikuwa mke wa mhandisi, mzaliwa wa Kanada, ambaye hakuwa amewahi kuchapisha kitabu kingine chochote. Miaka 20 baadaye mama huyo, Margaret Laurence, alikuwa amekwisha kuwa mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa nchi yake.

Makala hii inaeleza maisha yake. Aghalabu wahakiki huyagawa maisha hayo katika sehemu mbili: maandishi ya Afrika, ambayo huhesabiwa kuwa ni ya kujifunzia kazi, na maandishi ya Manawaka, mji wa kubuni wa Kanada, ambayo huhesabiwa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Maoni yetu ni kwamba mgawanyo huu unaficha mengi kuliko unavyodhihirisha. Laurence aliijia fasihi ya Kanada kwa kupitia fasihi simulizi ya Waafrika, na swali alilolipata huko, yaani nani ana haki ya kusema kwa niaba ya nani, halikumwacha hata mara moja. Aidha, msomaji anayetaka kujua fasihi ya Kanada ina tanzu gani na inashughulikia dhamira zipi anaweza kuanza na mtu huyu mmoja: alitafsiri, aliandika riwaya, hadithi fupi, kumbukumbu za safari, uhakiki, insha, vitabu vya watoto, nyimbo na tawasifu.

2.0 Neepawa na Winnipeg

Jean Margaret Wemyss alizaliwa tarehe 18 Julai 1926 katika mji mdogo wa Neepawa, jimbo la Manitoba, katikati ya nyanda za ngano za magharibi ya Kanada. Baba yake, Robert Wemyss, alikuwa mwanasheria. Mama yake, Verna Simpson, alifariki binti huyo akiwa na umri wa miaka minne. Dada wa marehemu, mwalimu aliyekuwa naye akiitwa Margaret, alikuja kumlea mtoto na mwaka uliofuata akaolewa na baba. Kwetu sisi dada wa mama ni mama tayari, na Laurence naye alimhesabu hivyo maisha yake yote. Neno mama wa kambo halikumkaa vizuri. Baba alifariki mwaka 1935. Baadaye familia ilihamia katika nyumba ya babu mzaa mama, John Simpson, msimamizi wa mazishi na muuzaji wa samani, mzee mkali asiyependa kupingwa. Msomaji wa A Bird in the House (1970), mkusanyiko wa hadithi fupi zilizoshikana kama shanga za uzi mmoja, atamkuta mzee huyo humo kwa jina jingine. Nyumba yenyewe ipo Neepawa hata sasa, nayo imefanywa kuwa makumbusho ya mwandishi.

Mwaka 1944 aliingia United College ya Winnipeg, na alipomaliza mwaka 1947 akafanya kazi katika magazeti ya mji huo. Mwaka huohuo aliolewa na Jack Laurence, mhandisi wa ujenzi.

Ni vyema kukumbuka hali ya fasihi ilivyokuwa wakati huo. Mtoto wa shule wa Manitoba alisoma zaidi vitabu vya Uingereza, kama mtoto wa shule wa Tanganyika au Kenya. Mashamba, theluji na vumbi la kwao havikuonekana kuwa vitu vinavyofaa kuandikiwa vitabu. Laurence alipoisoma riwaya ya Sinclair Ross, As for Me and My House (1941), iliyoandikwa juu ya mji mdogo wa nyanda hizohizo, alipata kuamini kwamba watu wa kwao nao wanaweza kuwa fasihi. Katika Manitoba hiyohiyo alizaliwa pia Gabrielle Roy (1909–1983), aliyeandika kwa Kifaransa, na ambaye miaka mingi baadaye aliandikiana barua na Laurence. Wenyeji wa asili nao walikuwa na fasihi zao simulizi kwa lugha zao, ingawa shule hazikuwa na nafasi nazo. Kwa hiyo fasihi ya Kanada haikukosa wingi. Lililokosekana ni masikio ya kuusikia wingi huo. Laurence alikwenda kuyapata masikio hayo mbali sana na kwao.

3.0 Somalia

Jack Laurence aliajiriwa na serikali ya himaya ya Waingereza katika Somalia ya kaskazini, ajenge malambo 30 hivi ya kukinga maji ya mvua katika nyanda kavu za Haud. Mume na mke walifika huko mwishoni mwa mwaka 1950 wakakaa hadi mwaka 1952. Kazi hiyo ilipokewa kwa mashaka. Wafugaji walijiuliza kama maji hayo yangetiwa sumu, au kama serikali ingeyafanya mali yake kisha iwazuie kunywesha ngamia wao. Laurence aliona mwanzoni kwamba mashaka hayo ni ukosefu wa shukrani. Baadaye alielewa kwamba mtu ambaye uhai wake wote unategemea kisima hana sababu ya kumwamini mgeni anayesema amekuja kumchimbia lambo bure.

Mambo haya yamo katika The Prophet's Camel Bell (1963), kitabu cha kumbukumbu alichokiandika miaka kumi baadaye kwa kutumia shajara zake. Utanzu wa masimulizi ya safari umejaa vitabu vya Wazungu wanaojisifu. Hiki ni kimoja katika vichache ambamo msafiri ndiye anayechunguzwa. Anasimulia jinsi wanawake walivyomjia wakiomba dawa ya maumivu ya mwezi yaliyotokana na kukeketwa, naye hana ila aspirini, ambazo hazikuwa dawa ya jambo lile. Anasimulia pia jinsi alivyowadharau Waingereza wa himaya kwa ubeberu wao, hadi siku aliposoma kitabu cha Mannoni juu ya saikolojia ya ukoloni akajiona mwenyewe humo.

Lakini lililombadili zaidi ni ushairi. Mbele ya himaya, Wasomali walihesabiwa kuwa watu wasio na maandishi, na kwa kweli lugha yao haikupata hati rasmi hadi mwaka 1972. Hata hivyo, walikuwa na sanaa ya ushairi yenye kanuni kali kuliko nyingi zilizoandikwa. Hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Katika shairi la Kiswahili tunazoea vina vya kati na vya mwisho, na mizani inayohesabiwa kwa silabi. Katika gabay, utungo mrefu na mzito wa Wasomali, kila mshororo nao hugawanyika vipande viwili, mfano wa ukwapi na utao wetu. Lakini kinachofunga utungo si silabi za mwisho, bali ni takriri ya sauti ya mwanzo wa neno. Malenga akishachagua sauti, kila kipande hakina budi kuwa na neno linaloanza kwa sauti ile, tangu mshororo wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama utungo una mishororo mia. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Zaidi ya hayo, utungo una mwenyewe: mghani huuhifadhi neno kwa neno na humtaja aliyeutunga.

Kando ya gabay kulikuwa na belwo, vitungo vifupi vya mapenzi vilivyozuka miaka ya 1940 na kuhusishwa na dereva wa lori aitwaye Abdi Sinimo. Masheikh hawakuvipenda. Jina lenyewe huhusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya msiba, la mzizi mmoja na balaa ya Kiswahili. Na yeyote aliyewahi kupenda asipendwe ataona kwamba jina halikukosewa.

Laurence hakujua Kisomali cha kutosha kutafsiri peke yake, wala hakudai hivyo. Kazi ilifanywa na watu watatu, zaidi katika mji wa Sheikh. Musa Galaal, malenga na mtaalamu wa lugha yake, alighani na kueleza maana pamoja na mila iliyo nyuma ya kila neno. B. W. Andrzejewski, mwanaisimu mzaliwa wa Poland ambaye baadaye alikuwa bingwa wa Kisomali katika Chuo Kikuu cha London, alitoa tafsiri sisisi. Laurence akatafuta Kiingereza kinachoweza kusimama kama ushairi. Hadithi, kama zile za Igaal Bowkah mjanja na za Arawelo, malkia aliyewatesa wanaume, alizisikia pia kutoka kwa wasimulizi waliofuatana naye kambini, na katika kitabu alitenganisha waziwazi zile zilizotafsiriwa na zile alizozisimulia upya kwa maneno yake. Uaminifu huu haukuwa wa kawaida. Wakusanyaji wengi wa enzi ile walitupa hadithi za Afrika katika chungu kimoja, msomaji asijue mpishi ni nani.

Tafsiri zake zina upungufu, na haifai kuuficha. Takriri ya sauti, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gabay, haikuvuka kwenda katika Kiingereza. Yeye mwenyewe aliona kwamba kuilazimisha kungeua maana. Msomaji anapata picha na hoja, lakini hapati mdundo. Ni kama kumsomea mtu utenzi bila vina. Pamoja na hayo, alichokipata Laurence mwenyewe hakikupotea: aliona kwamba watu maskini wa mali wanaweza kuwa na utajiri wa lugha, kwamba historia inaweza kukaa salama kinywani, na kwamba msimulizi ni sehemu ya habari anayoisimulia. Baadaye aliandika insha ndefu juu ya Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, malenga na mpiganaji aliyepambana na Waingereza kwa miaka 20, akawekwa katika kitabu chake cha insha, Heart of a Stranger (1976).

4.0 Ghana

Mwaka 1952, baada ya kuzaliwa binti yao Jocelyn, familia ilikwenda Gold Coast, ambako Jack alishiriki katika ujenzi wa bandari ya Tema. Mtoto wa pili, David, alizaliwa mwaka 1955. Walirudi Kanada mwanzoni mwa mwaka 1957, miezi michache tu kabla ya nchi hiyo kuwa Ghana huru.

Riwaya yake ya kwanza, This Side Jordan (1960), ni ya wakati huo wa kungojea uhuru. Sehemu moja inamfuata Nathaniel Amegbe, mwalimu wa shule duni aliyesimama kati ya mila za baba yake na ahadi za mji. Sehemu nyingine inawafuata Wazungu wa kampuni ya biashara wanaoona meza zikigeuka. Ikafuatiwa na hadithi fupi kumi za The Tomorrow-Tamer (1963). Hadithi hizi ni bora kuliko riwaya, kwa sababu ndani yake mgeni hubaki mgeni. Katika riwaya Laurence alijaribu kuwaza kwa akili ya Amegbe, na ingawa huruma yake si ya kuigiza, mara kwa mara Amegbe anajieleza kama mtu anayejua kwamba kuna Mzungu anayemsikiliza.

Laurence aliliona jambo hili mapema kuliko wahakiki wengi. Waandishi wa Afrika Magharibi walikuwa wakichapisha vitabu vyao wenyewe, na yeye akahitimu kwamba hakuwa na sababu ya kusema pale ambapo wenyewe wanasema. Aliacha kuandika hadithi za Afrika, ila hakuacha kuisoma. Long Drums and Cannons (1968) ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya uhakiki juu ya tamthilia na riwaya za Nigeria; humo anawachambua Soyinka, Clark, Achebe, Tutuola, Ekwensi na wengineo, kila mmoja kwa fani yake. Kilitoka vita vya Biafra vikiwa vimepamba moto, baada ya Christopher Okigbo, ambaye ushairi wake ulikipa kitabu jina, kuuawa vitani mwaka 1967.

5.0 Manawaka

Mwaka 1962 Laurence na mumewe walitengana. Alichukua watoto akahamia Uingereza, ambako hatimaye alikaa katika nyumba iitwayo Elm Cottage, kijiji cha Penn. Ni huko, mbali na nyanda za ngano, vitabu vya Manawaka vilipoandikwa kwa sehemu kubwa. Talaka ilitolewa mwaka 1969.

Cha kwanza ni The Stone Angel (1964). Mhusika wake mkuu, Hagar Shipley, ana umri wa miaka 90. Mwanawe anataka kumpeleka katika nyumba ya wazee, naye anatoroka akajificha katika kiwanda cha samaki kilichoachwa kando ya bahari, huku maisha yake yakimrudia vipande vipande. Jina Hagar ni la yule mjakazi wa Ibrahimu, Hajiri wa masimulizi ya Kiislamu, aliyeachwa jangwani akitafuta maji. Mwandishi amempa jina la mjakazi binti wa mwenye duka, mwanamke mwenye kiburi asiyeweza kusema neno la upendo hata akiwa katika kitanda cha mauti. Kimtindo, nguvu ya kitabu iko katika sauti: Kiingereza cha wazee wa nyanda zile, chenye methali na ukavu wake, kimeandikwa kama kinavyosemwa. Mtu aliyekaa miaka miwili akisikiliza jinsi wasimulizi wa Kisomali wanavyojulikana kwa sauti zao hakushindwa kuisikia sauti ya bibi wa kwao.

A Jest of God (1966), riwaya ya mwalimu mseja anayeishi na mama yake, ilipata Tuzo ya Gavana Mkuu na ikafanywa filamu na Paul Newman mwaka 1968. The Fire-Dwellers (1969) ni ya dada wa mwalimu huyo, mama wa watoto wanne katika jiji la Vancouver. Hizi tunazipita haraka, kwa kuwa hoja yetu inatimia katika The Diviners (1974), iliyompatia tuzo hiyo kwa mara ya pili.

Morag Gunn, mhusika mkuu wa The Diviners, ni yatima aliyelelewa na Christie Logan, mzoa taka wa Manawaka. Christie humsimulia hadithi za Piper Gunn, shujaa wa Waskoti waliofukuzwa katika ardhi zao na kuhamia Kanada. Katika mji huohuo wanaishi akina Tonnerre, familia ya Wametis, watu wa damu mchanganyiko ya wenyeji wa asili na Wazungu, ambao upinzani wao chini ya Louis Riel ulivunjwa mwaka 1885 na Riel akanyongwa. Jules Tonnerre, aitwaye Skinner, anayo masimulizi yake, na katika hayo mashujaa wa Christie ndio wanyang'anyi. Mwandishi haamui nani mkweli. Sehemu moja ya riwaya ameiita hadithi ya Skinner ya hadithi ya Lazarus kuhusu Rider Tonnerre: nasaba nzima ya wasimulizi imetajwa katika kichwa, kama isnadi, kama mghani wa gabay anavyomtaja aliyetunga. Hatudhani kuwa hili lilitokea kwa bahati. Riwaya ina nyimbo pia, pamoja na muziki wake, na Pique, binti wa Morag na Jules, mwishoni anatunga wimbo wake mwenyewe.

Kwa mwanaisimu, kurasa zinazogusa zaidi ni zile za lugha zilizopotea. Morag hajui neno la Kigaeli, lugha ya mababu zake. Jules naye amepoteza lugha za wazee wake. Wawili hawa wanazaa mtoto na wanapeana historia zao kwa Kiingereza, lugha ya waliowashinda wote wawili.

Je, swali aliloliacha Ghana halikumrudia hapa? Lilimrudia. Laurence hakuwa Mmetis, na nyimbo za akina Tonnerre alizitunga yeye. Piquette Tonnerre, aliyetokea kwanza katika hadithi fupi, anakufa kwa moto pamoja na watoto wake, na habari za kifo chake tunazisikia kwa vinywa vya wengine, hatumsikii akijisemea. Wako wahakiki waliolishutumu hili, na shutuma yao ina uzito. Tungependa kuongeza tu kwamba riwaya inajua udhaifu wake: Morag ndiye anayetumwa na gazeti kwenda kuandika habari za moto ule, na katika maisha yake yote hakuna maandishi yanayomsumbua kama hayo.

6.0 Miaka ya mwisho

Laurence alirudi Kanada moja kwa moja, akakaa Lakefield, Ontario, kuanzia mwaka 1974. Alikuwa ameshiriki kuunda chama cha waandishi wa Kanada mwaka 1973, akakiongoza kwa muda kilipokuwa kichanga, na aliwaita waandishi wenzake kabila. Alisimamia kampeni za kupinga silaha za nyuklia, akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Trent kuanzia 1981 hadi 1983, na aliandika vitabu vya watoto, kama vile The Olden Days Coat (1979). Riwaya nyingine ya watu wazima hakuichapisha.

Yamkini moja ya sababu ni msukosuko wa mwaka 1976. Baadhi ya wazazi na watu wa makanisa walitaka The Diviners iondolewe katika shule za wilaya aliyokuwa akiishi, wakidai kuwa ni kitabu cha matusi na uasherati. Bodi ya elimu ilikibakiza. Katikati ya miaka ya 1980 shutuma zilianza upya dhidi ya vitabu vyake. Laurence alikuwa Mkristo mwenye imani, na riwaya zake zimejaa Biblia kila upande. Kushtakiwa na majirani zake kwa jina la dini kulimuumiza kuliko uhakiki wowote wa kitaaluma.

Mwaka 1986 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu isiyo na tiba. Tarehe 5 Januari 1987 alijitoa uhai nyumbani kwake Lakefield, akiwa na umri wa miaka 60. Jambo hili lilifahamika kwa umma mwaka 1997 tu, wasifu wake ulioandikwa na James King ulipotoka. Majivu yake yalizikwa Neepawa, katika makaburi yenye sanamu ya malaika wa jiwe.

Tawasifu yake, Dance on the Earth, ilitoka mwaka 1989, ikiwa imetayarishwa kwa msaada wa binti yake. Hakuipanga kwa miaka wala kwa vitabu alivyoandika. Aliipanga kwa mama zake: Verna aliyemzaa, Margaret aliyemlea, Elsie mama mkwe wake, kisha yeye mwenyewe kama mama. A Tree for Poverty, kilichoanzia Nairobi, kilichapwa upya mwaka 1970 na tena mwaka 1993.